Ubao Usiokanyagwa

Jambo lote lile liligharimu msumeno mmoja, stempu za nusu mzigo, rafiki mmoja, na kiganja cha mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na mara zote mbili hesabu imekataa kufunga, kwa kuwa yule rafiki nilishamwandika kwenye hasara mwaka ule tulipoacha kusemeshana, na mwezi uliopita imenilazimu kumwandika tena. Nyambura tulimzika Jumamosi ya mvua kule Maple Grove, hapahapa Minnesota. Kutoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa kula kile ambacho Wakenya wanakiita pilau, nami nikakila kwa heshima ya marehemu, nimejibanza karibu na mlango kama mtu asiye na hakika kama amealikwa. Ndipo akanijia binti yake, Wambui, nesi wa miaka ishirini na minane, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye leso.

"Anko Shabani, hii ni yako," aliniambia. "Mum alisema nikupatie mkononi. Alisema isiwekwe chini."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa ceiling ya bedroom yake. Tangu nikiwa mtoto. Nilidhani ni kitu ya kanisa."

Sikuifungua pale. Nilijua uzito wake; mtu aliyewahi kuuza mitumba Kariakoo hasahau uzito wa kitu alichokishika hata mara moja. Nilichokuwa sijui ni kwamba kitu chenyewe kipo Minnesota. Miaka yote ile niliamini kipo Japani, juu ya vichwa vya watu wanaosali.

Mwaka ninaousema ni tisini na sita. Nilikuwa nimekuja kusoma uhasibu, ada ikanishinda muhula wa tatu, na ada ikishindikana visa nayo hukata roho kimyakimya, bila matanga. Mtu wa namna hiyo hatoki nje ya nchi, kwa sababu akitoka harudi. Anaishi kama mgeni aliyekaa mpaka wenyeji wamelala, hajui aage au anyamaze. Nyambura, Mkikuyu wa Nakuru niliyejuana naye kwenye foleni ya kufulia nguo, alikuwa akimhudumia mzee mmoja wa Kijapani huko Saint Louis Park kuanzia asubuhi hadi jioni. Mzee alihitaji mtu wa kukaa naye saa zilizobaki, wa kuzoa theluji na kumsaidia kuinuka kitini. "Room ni bure," Nyambura aliniambia, "lakini usianze mambo yako ya ku-bargain. Yule ni mzee, sio soko." Nikaenda ku-bargain. Mzee Okabe alinipokea sebuleni, kavaa sweta mbili na blanketi mapajani, uso mkavu kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Nikasema chumba kiwe bure na chakula cha jioni kiwe juu yake. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Hapo ndipo nilipaswa kuondoka. Kule nilikojifunzia biashara, muuzaji akikubali bei ya kwanza unaipindua nguo uangalie mshono. Lakini nje ilikuwa ile baridi inayogandisha vinyweleo vya pua, na ndani kulinukia wali.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Kitanda cha chumba cha juu kilikuwa katikati ya chumba, na kibaki hapohapo. "Usitembee katikati," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Zunguka ukutani." Nilipopanda nikaona ugumu wa sharti. Paa liliinama pande zote mbili, kwa hiyo mahali pekee ambapo mtu mzima angeweza kusimama wima ni palepale alipokataza. Ukutani unakwenda umeinamisha shingo kama mwizi wa kuku. Kando ya ukuta mmoja palikuwa na wavu wa chuma sakafuni, wa kupitishia joto kutoka chini, na pamoja na joto zilipita sauti: kijiko kikigonga bakuli, kikohozi cha mzee, na Nyambura akinisengenya kwa Kiingereza, lugha ambayo alijua fika naielewa. "Huyo Shabani ni mkono wa birika," alimwambia mzee siku ya pili, na hilo akalisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakina neno la kutosha. Kisha akalitafsiri kwa ishara, maana nilimsikia mzee akicheka.

Januari nilikisogeza kitanda kwenye ule wavu. Sikuona ubaya, joto linalolipiwa na mtu mwingine halipaswi kupotea bure. Katikati pakabaki wazi, na mimi ni mtu wa kutembea nikiwaza. Hatua saba kwenda, saba kurudi. Na palepale nikatandika mswala wangu, kwa kuwa ndipo mahali pekee ningeweza kusimama, kurukuu na kuinuka bila kugonga kichwa. Wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi moja, tunakula ule uji wao wa wali wenye tunda dogo jekundu, chachu na la chumvi, linalomkunja mtu uso, mzee, aliyelikata jina langu na kulipachika heshima ya Kijapani, akaweka kijiko chini.

"Shaba-san. Umehamisha kitanda."

"Nani kakwambia?"

"Miguu yako. Na mara kadhaa kwa siku miguu inasimama, halafu kitu kizito kinashuka chini taratibu. Kinashuka mara mbili. Ni nini?"

"Ni paji la uso, Mzee. Naswali."

Nyambura aliyekuwa akiosha sufuria alifunga bomba. Mzee akasema: "Kuswali endelea. Kutembea acha." Kisha akaomba tumpeleke chumbani kwake, akanyoosha kidole juu.

Ule ubao nilikuwa nimeuona mara nyingi nikimsaidia kulala. Dari lake lilikuwa jeupe, na juu ya mto wake kabisa palikuwa na ubao mweusi, urefu wa mtu mfupi, umekazwa kwa skrubu sita za shaba. Nilidhani ni kiraka. Nyumba zile za zamani zina viraka kila mahali. "Unaona nini?" akauliza. Nikasema ubao. "Angalia tena." Nikasema ubao mchafu. Akamwambia Nyambura alete tochi, amulike kwa upande, na hapo weusi ukagawanyika. Palikuwa na chapa ya kiganja. Kiganja cha mtu mzima, vidole vyote vitano, kimekandamizwa na kuburutwa kidogo kama mtu aliyejaribu kujiinua akashindwa. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwenda nje, kama kilichowahi kuvunjika kikajiunga chenyewe.

"Ngai," Nyambura alimwita Mungu kwa Kikuyu. Halafu akanigeukia. "Shabani, wewe umekuwa ukimkanyaga mtu wiki tatu."

Habari yenyewe mzee aliitoa vipande vipande, mlo kwa mlo, na mimi niliipanga baadaye kama mtu anayepanga chupa zilizookotwa. Zamani, wakati kila kilima cha Japani kilikuwa na ngome na kila ngome ilikuwa na bwana wake na kila bwana alikuwa na adui, kulikuwa na mama mmoja mwenye wana wawili. Mmoja alitumikia ngome ya kilimani. Mwingine alitumikia jeshi lililokuja kuizingira. Wa ndani walivumilia mpaka mchele ukaisha, wakala farasi, wakala ngozi za matandiko. Siku geti liliposhindwa kuzuia tena, waliobaki waliingia kwenye korido moja ndefu ya mbao, wakaketi kwa mistari, wakajiua kwa visu vyao wenyewe kuliko kukamatwa. "Wangapi?" niliuliza. Mzee akasema baba yake alisema mia tatu, babu yake alisema mia nne. "Sasa nani alihesabu?" Akanitazama kwa jicho la huruma. "Kila vita ilikuwa na karani wa kuhesabu vichwa, Shaba-san. Vililetwa mbele ya mshindi, vimeoshwa na kuchanwa nywele, kila kimoja na kibandiko cha jina. Askari walilipwa kwa kichwa. Kwa hiyo hesabu haikuwa ya kweli. Hakuna hesabu ya kweli inapolipwa kwa kichwa." Nilikuwa na kijiko mdomoni. Wali ulinishinda, na si kawaida yangu kushindwa na chakula cha bure.

Jeshi lilisonga mbele kwenda vita nyingine, na korido ilibaki vile ilivyo, pamoja na maiti zake, majira yote ya joto. Mshindi aliporudi kuitwaa ngome iwe makazi yake, mbao zilisuguliwa kwa mchanga, zikapigwa randa, zikasuguliwa tena. Alama za damu zilirudi. Watumishi walikataa kupita pale na chakula, kwa kuwa chakula kilipofika mezani hakikuwa na ladha. Kuzichoma waliogopa. Ndipo yule mama, ambaye mwanawe mmoja alikuwa sasa mkubwa katika jeshi la mshindi, alipoomba aione korido. Alipiga magoti, akaenda ubao kwa ubao, akizigusa alama kama mtu anayetafuta nguo ya mtoto wake kwenye rundo la mtumba. Jioni akaifikia alama yenye kidole kilichopinda. Kile kidole alikivunja mwenyewe, alipoufunga mlango bila kuangalia, mtoto akiwa na miaka minne. Basi akamwambia mshindi: ng'oeni mbao hizi, mjenge hekalu, mziweke darini, ili mguu wa mtu usizikanyage tena, na watu wasali chini yake mpaka walioko juu wachoke kukasirika. Mwenyewe akanyoa nywele akakaa humo mpaka kufa. Ukoo wa mzee ulilitunza hekalu hilo, baba kwa mwana, tangu hapo.

"Na ubao huu umefikaje Minnesota?" nilimuuliza. Jibu nililipata Aprili, kupitia kwenye wavu, nikiwa nimelala chali na homa huku Nyambura akimkata mzee kucha chini.

"Kaka yangu alipewa hekalu," sauti ya mzee ilisema. "Mimi wa pili nilipewa nauli ya meli. Fundi alikuwa amefungua dari kurekebisha paa. Nilichukua mmoja. Niliufunga ndani ya godoro."

"Kwa hasira tu?"

"Kwa hasira. Nilichagua ule ambao wangeuona haupo." Mkasi ulilia mara mbili. "Wakati wa vita na Japani, Wamarekani walituhamishia makambini sisi Wajapani. Vitu vyangu niliviacha kwenye stoo. Niliporudi wezi walikuwa wamebeba mpaka sufuria. Ubao waliuacha katikati ya sakafu. Kila kitu kingine kilikwenda."

"Na kaka?"

"Aliandika kila mwaka mpya. Mwaka wa kwanza mtoto wake alikufa. Mwaka wa nne, mwingine. Hakuwahi kuuliza habari za ubao. Aliandika tu nani amekufa."

"Sasa si ungerudisha, Mzee!"

"Nilisubiri aniombe."

"Akaomba?"

"Alikufa."

Nilivuta blanketi mpaka kidevuni, na nilipoinuka kwenda chooni, nilizunguka ukutani, shingo chini, homa na yote.

Kiangazi kile kilipita vizuri kwa nje. Nyambura alikuwa na mimba ya mchumba wake wa Brooklyn Park, na akawa anapika chapati sita, anakula nne na kutuhesabia sisi mbili. Mzee alijifunza kusema "bei ghali" na kuitumia kwenye kila kitu, pamoja na tikiti maji alilopewa bure na jirani. Lakini miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi kama ya mtu anayepanda ngazi usingizini. Septemba akaniita. Akasema anataka ubao urudi angali hai, na anataka niupeleke mimi kwa mkono wangu, tiketi ameshaulizia. Ilibidi nimweleze habari ya karatasi zangu, kwamba nikitoka mlango wa Amerika unafungwa nyuma yangu. Alisikiliza. "Kwa hiyo wewe pia uko darini," alisema. "Basi utume tu." Akanipa dola mia nne za kampuni ya mizigo.

Kampuni ilitaka mia tatu na hamsini, pamoja na sanduku la mbao la kuuwekea ubao. Sanduku la mbao la kuwekea mbao! Nilicheka usoni mwa yule karani. Nikaenda posta, posta wakapima urefu kwa utepe wakakataa: umezidi. Nikauliza ungekuwa nusu? Nusu unapita. Nikapiga hesabu kwenye gari la Nyambura, nikapiga tena: vipande viwili kwa posta, dola tisini na kitu. Mzee angerudishiwa zaidi ya mia tatu. Na niliseme hili wazi, kwa sababu watu wananijua: sikukusudia kuila hata senti. Nilitaka kumrudishia chenji. Ningekuwa mwizi ningetubu wizi, na wizi una toba yake inayojulikana. Mimi toba ya chenji sijawahi kuiona kwenye kitabu chochote.

Nilifanya kazi ile gereji, Jumamosi moja ya Oktoba mchana, mzee amelala. Niliutoa darini kwa adabu; nilivua viatu, nikasoma nilichojua kusoma. Kwa adabu hiyohiyo niliulaza kifudifudi juu ya viti viwili, kwa kuwa Nyambura alisema si vizuri kumkodolea macho marehemu, akatoa leso yake tukaufunika, pakabaki wazi mgongo wa ubao tu mahali pa kukata. Nikapima kwa futi, nikaweka alama kwa penseli, nikapima tena. Katikati kabisa, hata nukta haikuzidi upande. Msumeno ulipoingia haikutoka harufu ya mbao. Ilitoka harufu ya sufuria ya chuma iliyoachwa na maji wiki nzima. Unga ulioanguka kwenye saruji ulikuwa mwekundu wa kahawia, na Nyambura, ambaye alikuwa akinitania tangu asubuhi, alirudi nyuma hatua moja akiweka mkono tumboni.

Ubao ulipoachana tukavigeuza vipande. Kila mtu aliyewahi kukata kitambaa anajua kwamba ua halikai katikati ya gauni kwa bahati. Mimi nilisahau. Nilikuwa nimeupima ubao na sikumpima mtu. Msumeno ulikuwa umepita chini ya vidole: kiganja na dole gumba kipande kimoja, vidole vinne kipande kingine.

"Shabani," Nyambura alisema polepole. "Umemkata mkono."

Boksi la urefu ule nilikuwa nimeliokota moja tu, nyuma ya duka la friji. La pili ningelipata wiki inayofuata bila kulinunua. Jumatatu nikatuma kiganja. Jioni mzee akauliza, "Umetuma?" Nikasema, "Nusu." Alidhani Kiingereza changu kimekosea. Akaniuliza tena, na tena nikasema nusu, na nikaanza kueleza utepe wa posta na bei ya kampuni, na katikati ya maelezo nikaweka chenji mezani, noti juu ya noti. Mzee hakuzitazama. Aliomba aletewe kilichobaki. Nyambura alikilaza mapajani mwake. Akakaa nacho. Kisha akageuza mkono wake wa kulia, ule uliojaa mishipa na madoa, akauweka chini ya vile vidole vinne, mahali ambapo kiganja kilikatwa, kama mtu anayejaribu kofia isiyo yake.

"Alikuwa na mkono mzima miaka mia nne," alisema. "Sasa ataanza kutafuta. Tuma na hiki upesi."

Zile noti alizisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wangu wa meza.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Nyambura alikuwa jikoni akikoroga ule uji wa wali, mimi nje naparuza barafu kwenye kioo cha gari lake. Aliniita kwa jina langu mara moja tu, bila kupaza sauti, na niliporudi ndani uji ulikuwa umeanza kuungua na hakuna aliyeuepua.

Mpwa wa mzee alikuja kufunga nyumba, nami sikutaka kuwepo watu wenye makaratasi watakapoanza kuuliza nani analala wapi. Kipande kilibaki, na kikabaki kati yetu wawili, kwenye buti la gari la Nyambura, tumesimama kwenye maegesho ya duka tukijadiliana kama watu wawili wenye sufuria ya moto na kitambaa kimoja. Alisema wewe ndiwe uliyekata, maliza. Alisema ana mimba. Hizo zilikuwa sababu zake mbili. Mimi nilikuwa nazo nne: yeye ana gari, ana karatasi, ana anwani ya kudumu, na ni anwani yake niliyoiandika kwenye kile kifurushi cha kwanza, kwa kuwa yangu haikuwepo. Nne kwa mbili. Nikaongeza dola arobaini za stempu, nikamwekea mfukoni mwa koti mwenyewe. "Wewe hata Mungu mtapatana bei," alisema, akafunga buti. Desemba nilimpigia simu, akajibu neno moja, "Nilituma," akakata. Baada ya hapo tulipishana kwenye harusi na misiba ya watu, anasalimia mke wangu, mimi ananipita. Nilidhani ananichukia kwa sababu ya msumeno. Biashara nyingi nimeshinda na kuzisahau. Ile niliishinda kweli, na nimeishi nayo.

Leso niliifungua hapa kwangu Woodbury, juu ya meza ya kulia, mke wangu amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Baba Zuhura, hicho kitu kisilale humu," alisema, kabla hata hajakiona. Vidole vinne, kile kidogo kimepinda. Chini yake palikuwa na bahasha. Ndani ya bahasha, noti mbili za ishirini za sura ya zamani, ambazo nilizitambua kama mtu anavyotambua meno yake, barua tatu, na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Nyambura: *Shabani, ulituma nusu Monday, mzee akaenda Thursday. Mimi nilikuwa na mtoto tumboni. Singeweza kutuma.*

Barua zilitoka hekaluni, zimeandikwa kwa Kiingereza cha upole. Ya kwanza inashukuru: kiganja kimerudishwa darini, pembeni yake wameacha nafasi, na hawana haraka. Ya pili ni ya miaka kumi baadaye, inasema nafasi bado ipo. Ya tatu ni ya mwaka huu, imeandikwa na mwanamke ambaye ni mjukuu wa yule kaka, na sasa ndiye kuhani. Dari linaoza, Novemba litakarabatiwa na kufungwa, na halitafunguliwa tena katika uhai wa yeyote kati yetu. Anauliza, bila kulaumu, kama vidole viko salama.

Wambui alikuja Jumapili. Alikuwa ameshazisoma zote kabla hajanipa, kwa kuwa ni mtoto wa mama yake. Aliketi hapo hapo mezani, akala sambusa mbili, akafuta vidole, akaniuliza kwa sauti ya kikazi, ile manesi wanayowaulizia wagonjwa panapouma ni wapi:

"Anko, mum aliogopa ni mimi ningekufa?"

Nikasema mama yake alikuwa mtu wa tahadhari.

"Anko."

"Ndiyo. Aliogopa ni wewe."

"So akalala chini yake yeye, miaka hiyo yote." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, macho yamejaa. "Mzee wenu alikuwa na heart failure. Miguu imevimba, pumzi fupi, come on. Hata student angejua. Nyinyi wawili mlitishwa na ubao." Akaifunga leso upya, vizuri, kama anafunga kidonda. "Nitaipeleka mimi. Nina likizo Novemba. Naibeba kwa mkono, naiweka mahali pake, nakula ramen, narudi. Au wewe unaamini haya mambo?"

Nikasema siamini. Alipofika mlangoni nikamwambia tena kwamba siamini, na hakuwa ameniuliza.

Sasa pasipoti ninayo, ya hapa hapa, ya bluu. Naweza kutoka na kurudi nipendavyo. Ninavyo pia vyuma viwili kwenye mishipa ya moyo, na daktari anayekunja uso nikitaja safari ndefu, na sitaki kufa, hilo nalo niliseme wazi. Nikimzuia huyu binti, nitakuwa nimemthibitishia kwamba mama yake alikuwa sahihi kuogopa, na atabeba hilo mpaka uzee. Nikimwacha aende, nitakuwa nimempakia mtoto ule mzigo ambao mama yake alilala chini yake miaka ishirini na minane ili usimfikie, na nitakuwa nimefanya hivyo mara ya pili, kwa watu wa nyumba ileile, bila hata ya kujadiliana bei. Kuuacha nafasi ikazibwa, siwezi. Yule mama wa kilimani alitafuta ubao kwa ubao mpaka jioni. Nimeziweka sababu pande mbili, nimezihesabu, na kwa mara ya kwanza maishani idadi hainiambii kitu. Wambui anakata tiketi Ijumaa. Wewe unayesoma, hasa kama umezaa, usinifariji: niambie tu, niende mimi, au nimwache aende?